Chemchemi ya Nani? Mikaratusi na Maji ya Ikonge

Kiswahili kimetupa neno mazingira, nasi tumelizoea kiasi cha kutolihoji. Linatokana na kitenzi zingira. Kwa hiyo mazingira ni yale yamzungukayo mtu, naye mtu amesimama katikati kama mwenye mji ndani ya ua wake. Sina nia ya kulipinga neno hilo, maana limefanya kazi kubwa darasani na katika sheria. Hata hivyo, kwetu Ikonge, katika Kaunti ya Nyamira, ni vigumu kusema ni nini kinachomzunguka mwenzake. Maji ya chemchemi yamo ndani ya uji wa asubuhi, ndani ya chai na maziwa ya ng'ombe, na ndani ya mwili wa mtoto aliyetumwa kuyateka.

Msomaji asiyeifahamu nchi ya Abagusii aelewe kwanza jinsi ardhi ilivyogawanywa. Mashamba ni vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka mgongo wa kilima, ilipo barabara, hadi kijitoni. Juu pana nyumba, katikati pana chai, ndizi na mahindi, na chini kabisa pana tindiga. Zamani tindiga hiyo iliachiwa ng'ombe na nyasi za kuezekea. Leo, mahali pengi, imesimama mikaratusi.

Mti huu asili yake ni Australia. Uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili garimoshi za reli ya Uganda zipate kuni. Hukua upesi, hauhitaji kupaliliwa, na ukikatwa kisiki huchipuka tena. Viwanda vya chai huununua kwa ajili ya matanuri ya kukaushia majani. Mafundi huutaka kwa ujenzi. Mashirika ya umeme huutaka kwa nguzo. Kwa mtu mwenye robo ekari, huo ndio akiba yake. Karo yangu ya shule ya upili ililipwa kwa mikaratusi, na kwa hiyo sitaitukana hapa kama wafanyavyo baadhi ya wahubiri wa mazingira wanaokuja kwa gari asubuhi na kuondoka jioni.

Lakini mti wenye kiu ukipandwa kwenye jicho la chemchemi hunywa kwanza, kisha binadamu akapata masazo. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu kiasi cha maji mkaratusi unachokunywa ukilinganishwa na miti mingine. Kuhusu mahali pa kuupanda hawabishani sana: kilimani ni afadhali, tindigani ni balaa. Chemchemi niliyoijua ikijaza mtungi kabla hujamaliza kuzungumza na mwenzako, sasa huujaza polepole, na wakati wa kiangazi kina mama hupanga foleni tangu alfajiri.

Juu ya hayo yameongezeka mabadiliko ya tabianchi. Kati ya 2020 na 2023 kaunti kame za Kenya zilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Kisha mvua za masika ya 2024 zikaleta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini. Tindiga iliyo hai hupokea mvua kubwa na kuitoa kidogo kidogo. Tindiga iliyokaushwa huipitisha yote mara moja. Mto Gucha unachimbuka katika nyanda za juu za Kiabonyoru, hapa hapa Nyamira. Ukifika kwa Wajaluo huitwa Kuja, na huko Nyatike, kabla ya kuingia Ziwa Viktoria, ndiko hufurikia watu. Majina mawili, maji yale yale. Nao mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu, wenye uwezo wa megawati 60, hauna bwawa kubwa la kuhifadhia maji. Hutegemea yale ambayo mto umeleta siku hiyo.

Mwaka wa 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kwenye mito na ardhi oevu. Amri ilikuwa sahihi, ila nadhani ilikosea hesabu. Ilimwendea kila mwenye shamba peke yake, ikamtaka abebe hasara ambayo faida yake ingegawanywa na watu wengi. Anayewasha taa kwa umeme wa Sondu anamdai nini mama wa mlimani, na mama huyo anamdai nini?

Katiba ya 2010, Ibara ya 69, inamtaka kila mtu ashirikiane na wengine kuhifadhi mazingira. Babu zetu walikuwa na risaga: majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja, naye huwapikia, kesho naye huitika mwito wa mwingine. Haikuwa sadaka. Lilikuwa deni lililozunguka. Nilipowasikia wajumbe wa Sharm el-Sheikh mwaka wa 2022 wakikubaliana kuanzisha hazina ya kufidia nchi maskini hasara zitokanazo na tabianchi, niliwaza kwamba dunia inajaribu, kwa kuchelewa na kwa manung'uniko mengi, kuitisha risaga.

Bondeni kwetu mjane mmoja ana mikaratusi 14 iliyoizunguka chemchemi. Amekubali kuikata, mradi majirani wamsaidie karo ya muhula mmoja na wampe miche ya mianzi ya kupanda mahali pake. Wazee walipendekeza kila mji unaoteka pale utoe shilingi 500. Baadhi wametoa. Wengine, wa ng'ambo ya kijito, wanasema maji yao yanatoka kwingine, na kikao kijacho kitawasikiliza wao kwanza. Miti 4 imekwisha kuanguka. Visiki vyake vimeanza kuchipuka, na vijana wamepangiwa zamu ya kuvipogoa kila Jumamosi.