Mama, mwimbie (sehemu ya 4)

 

Wiki hii namsikiliza Jaqee tu. Dada huyu alizaliwa Uganda mwaka 1977, akahamia Sweden akiwa bado binti, akawa mwimbaji wa soul huko huko. Albamu yake Kokoo Girl ni ya 2009, ila kwangu ndiyo mpya. Rege imejaa humo, lakini ile soul unaisikia.

Nikawawaza nyie wa hapa Mkwajuni. Wengi mmemfuata baba watoto kwenye dhahabu, mama mzazi yuko mbali. Umejifungua, hakuna bibi wa kubembeleza. Basi imba wewe, kwa lugha ya kwenu. Mtoto anaijua sauti yako. Miezi ya mwisho tumboni alikuwa anakusikia. Hata kama huwezi kuimba vizuri, yeye hajali. Spika ya baba tu ikae mbali na kitanda.

Na kama wiki mbili zimepita huna hamu ya kuimba wala kumshika, unalia tu, njoo kliniki tuongee. Siyo kwamba humpendi. Ni ugonjwa, na unatibika.