Kwanza Mtoto, Kisha Simu



Sisi tunaohudumia familia zilizokimbia vita hapa Kivu ya Kaskazini tumefanya kazi miaka mingi kwa fishi za karatasi. Mtoto aliyepotezana na wazazi wake njiani aliandikwa jina lake, la baba, la mama na la kijiji. Kisha fishi ikabebwa kwa mkono hadi kambi nyingine. Mara nyingi ilipofika, mzazi alikuwa amekwisha kuhama.

Mwaka 2012, mapigano ya M23 yaliwasukuma ndugu zetu wengi hadi Uganda. Huko, katika kituo cha Nyakabande na kambi ya Rwamwanja, wahudumu wa jamii walianza kutumia programu ya simu iitwayo RapidFTR, iliyotayarishwa kwa msaada wa UNICEF. Mhudumu alimpiga mtoto picha, akaandika habari zake na kuzituma kwenye hifadhi moja, ambamo wenzake wa mbali waliweza kuzitafuta. Habari iliyohitaji majuma iliweza kufika kwa saa chache.

Vyombo vya namna hiyo vilipotufikia sisi, wakubwa wetu kazini waliuliza maswali mawili. Nani ataiona picha hii? Na je, mtoto hatanyamaza akiona simu imeinuliwa kati yake na sisi? Hawakuuliza kwa kuogopa mambo mapya. Walijua kwamba jina na sura ya mtoto, vikiangukia mikono mibaya, vyaweza kumrudisha katika hatari aliyoikimbia.

Neno la siri hulinda simu, lakini halilindi mdomo wa mwenye simu. Kwa hiyo tulipatana juu ya utaratibu: kwanza tuketi, tumsalimu mtoto, tumweleze sababu ya picha, tungoje kibali chake. Akikataa, tunaandika bila picha.

Ninyi vijana mnazijua simu kuliko sisi. Njooni mtufundishe, nanyi mjifunze kwa wazee wetu namna ya kumwuliza mtoto jina la mama yake bila kumwumiza. Na mkimkuta mtoto aliyepotea, msiirushe picha yake katika makundi ya WhatsApp, hata kwa nia njema. Yeyote aweza kuja akisema, «Huyu ni wangu». Mpelekeni kwa wahudumu, mkakae naye mpaka apokelewe.