Kilwa Kisiwani: Kasri Tupu na Nyumba ya Makuti

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kuozesha katika mji wetu wa Dar es Salaam, basi wajua kwamba siku hizi harusi haianzi kwa posa. Huanza kwa kamati. Nami nilikuwa na kamati yangu, yenye wajumbe 14, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Katika kikao cha tatu waliafikiana kwamba harusi ya binti yangu itagharimu shilingi milioni 18. Ukumbi, mapambo, mshereheshaji, mpiga picha, magari ya msafara, vyote viliandikwa. Ahadi za michango zilitosha nusu tu. Nusu ya pili iliniangukia mimi, mfanyakazi wa mshahara, na mjumbe mmoja kwa wema wake akaniletea fomu ya mkopo wa kulipwa kwa miezi 48.

Sikuijaza. Niliikunja nikaitia katika mfuko wa shati, nikafunga safari kwenda Kilwa Kisiwani kumpasha habari baba yangu mkubwa. Maana jambo kama hilo haifai mzee kuambiwa kwa simu.

NJIA YA KUSINI

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300. Basi liliondoka Mbagala alfajiri, na jua lilipopanda tukawa tumekwisha fika Rufiji. Leo mto huo huvukwa kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Waliosafiri njia hii kabla ya hapo hawajasahau kivuko cha Ndundu, wala siku walizolala kando ya mto pamoja na kuku na magunia yao wakisubiri zamu. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba mwandishi huyu ni adui wa lami na daraja. La hasha. Daraja lile limewafungulia watu wa kusini njia, na kufunguliwa njia ni sehemu ya uhuru.

Nangurukuru tuliiacha barabara kuu tukakata kushoto kuelekea baharini. Masoko nilimkuta nahodha amekaa chini ya mti, mashua yake imelala ubavu juu ya mchanga. Nilimwuliza tutaondoka saa ngapi. Akatazama bahari, akajibu, "Maji yakijaa." Nikatazama saa yangu. Abiria wenzangu, akina mama wawili wenye vikapu vya unga na sukari, walikuwa wakizungumza habari zao. Niligundua kwamba katika kundi lile ni mimi peke yangu niliyekuwa nimechelewa, na sikujua nimechelewa wapi.

MJI WA WAFALME

Kisiwa chenyewe kiko karibu, mkono wa bahari tu. Cha kwanza kukupokea ni Gereza, ngome iliyojengwa na Wareno walipouvamia mji mwaka 1505, kisha ikajengwa upya wakati wa utawala wa Waomani. Nyuma yake kuna Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11. Ukisimama ndani, kati ya nguzo na chini ya makuba ya mawe ya matumbawe, unapata utulivu ambao hakuna ukumbi wa kukodi unaoweza kukupa.

Mji huu ulikuwa tajiri. Dhahabu iliyotoka Sofala ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wake. Vyombo vya kauri kutoka China vililiwa chakula hapa. Watawala wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Mwendo wa kutembea kutoka kijijini, juu ya genge linalotazama bahari, liko kasri la Husuni Kubwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lina vyumba zaidi ya 100, na katikati yake birika la kuogea lenye pembe nane. Wachimbuzi wa mambo ya kale wanaona kwamba halikukamilika kabisa, na kwamba halikukaliwa kwa muda mrefu. Leo waliomo ni mijusi.

Msafiri Ibn Battuta wa Moroko, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alisimulia kisa cha Sultani huyo. Ijumaa moja, Sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakukasirika. Aliingia ndani, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Watu wakamsifu mno kwa unyenyekevu wake. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Sultani naye, aliposikia sifa za watu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki nilikisoma zamani nikakipenda. Safari hii, nikiwa nimeketi ukingoni mwa birika lile kavu, nilikiona kwa jicho jingine. Sultani aliweza kuvua joho lake kwa hiari, lakini watu ishirini waliotolewa zawadi siku hiyo hawakuulizwa neno. Maji ya birika nayo hayakupanda genge yenyewe. Na miaka mingi baadaye, mwaka 1776, Sultani mwingine wa Kilwa alitia sahihi mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Basi yeyote anayesifu maisha ya starehe, au hata maisha ya kujinyima, na aulize kwanza: nani anayebeba maji?

KIBARAZANI

Nyumba ya baba mkubwa ni ya udongo na miti, imeezekwa makuti. Nilipiga hodi, nikaamkia, "Shikamoo baba mkubwa," naye akaitikia marahaba bila kuacha kushona jarife lake. Tulikula ugali na pweza wa kuchemsha. Baadaye, taa ndogo ya umeme wa jua ikiwa imening'inia juu yetu, nilimweleza habari ya harusi yote, hata fomu nikaitoa nikaikunjua.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Miezi 48 ni miaka mingapi?"

"Minne, baba."

"Kwa sherehe ya usiku mmoja?"

"Ndiyo desturi ya mjini, baba. Nimechangia harusi za watu miaka mingi. Nisipofanya nitaonekanaje?"

"Na yeye bibi harusi anasemaje?"

Nikanyamaza. Kamati ilikuwa imekutana mara tatu, na hakuna hata mmoja wetu, mimi baba yake wa kwanza, aliyekuwa amemwuliza.

Nilijaribu kuligeuza neno. Nikamwambia kwamba ninamwonea wivu yeye: nyavu ni zake, saa ni zake, dukani hadaiwi zaidi ya chumvi na mafuta ya taa, yeye ndiye mtu huru. Hapo aliliweka jarife chini.

"Mwanangu," alisema, "usije ukarudi mjini ukahubiri kwamba umaskini ni raha. Mama yako mkubwa alishikwa na uchungu usiku, wakati wa kusi. Bahari ilikataa. Tulimvusha asubuhi. Yeye alipona, mtoto hatukumpata. Ningekuwa na boti ya mashine usiku ule, ningeipanda, wala nisingeuliza uhuru wangu umekwenda wapi."

Sikuwa na la kujibu. Baada ya kitambo aliendelea, kwa sauti ya kawaida, kwamba deni si haramu. Yeye mwenyewe aliwahi kukopa kununua ubao wa ngalawa, akalipa kwa samaki. "Lakini ile ngalawa ilinivusha. Hiyo karatasi yako itakuvusha kwenda wapi?"

KURUDI

Nimelitafakari swali hilo tangu siku ile, nami naona limebeba jambo lote. Wapo wanaotuambia tuyatupe ya kisasa turudi tulikotoka. Hao aghalabu hawajavuka bahari usiku na mgonjwa. Wapo pia wanaotufanya tuamini kwamba mtu ni simu yake, gari lake na ukumbi aliomwozea mwanawe. Kati ya hao wawili mfanyakazi hana budi kupima mwenyewe, shilingi kwa shilingi, lipi linamvusha na lipi linamzamisha. Maisha ya kiasi si kukosa. Ni kujua kinachokutosha kabla hujaambiwa na mwingine.

Niliporejea nilimwita binti yangu, tukakaa wawili uani. Nilimwuliza anataka nini. Alishangaa kwanza, kisha akasema anataka nikaha ifungwe nyumbani, watu wale pilau, nyanya yake apate mahali pazuri pa kukaa. Na kama zitabaki fedha, anaomba cherehani. Ukumbi hakuutaja.

Nilikwenda kwenye kikao cha nne nikaeleza hivyo. Sitamdanganya msomaji kwamba nilipigiwa makofi. Wajumbe wawili walijiuzulu, na jirani mmoja mpaka leo huniitikia salamu kwa kichwa tu. Hiyo ndiyo bei, nami nimeilipa mara moja bila ya miezi 48.

Harusi ilifungwa Ijumaa, uani kwetu, chini ya turubai la kuazima. Baba mkubwa alikuja na basi la usiku akiwa na kikapu cha pweza wakavu. Cherehani iko barazani kwa binti yangu, na jioni ukipita utaisikia. Ile fomu ningali nayo. Nyuma yake kuna nafasi nyeupe ya kutosha, na ndipo nilipoandika hesabu ya mchele.