Mwulize Mtunza Maktaba



Watu wengi wa mijini hupita kila siku mbele ya maktaba ya umma, wala hawaingii. Wakiulizwa sababu, wasema, "Mimi nimekwisha soma, mitihani nalifanya zamani." Na hao waingiao, wengi ni wanafunzi waliochukua madaftari yao wenyewe, wataka meza, kiti na kimya tu. Vitabu vya rafuni hukaa palepale, na mkutubi, yaani mtunza maktaba, huonekana kana kwamba ni bawabu. Leo nataka kunena habari za mkutubi huyu, maana kazi yake naijua kwa faida iliyoingia katika nyumba ya kaka yangu.

Kwanza, tusiwalaumu wazee wanaosita mlangoni. Mwaka 1931 maktaba ya McMillan ilifunguliwa mjini Nairobi, jengo zuri lenye nguzo kubwa na sanamu za simba, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka ule ule, huko Bara Hindi, mkutubi wa Madras aitwaye S. R. Ranganathan alitoa kitabu cha sheria tano za kazi yake. Maana ya mbili katika hizo ni kwamba kila msomaji anacho kitabu kimfaacho, na kila kitabu kina msomaji wake mahali fulani. Basi kazi ya mkutubi ni kuwakutanisha. Kwetu Tanzania, Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967 na Mwalimu Julius Nyerere, na mlango wake ni wa watu wote. Lakini kufuli huondolewa kwa siku moja, na hofu hukawia.

Sasa nisimulie habari za nyumbani. Kaka yangu mkubwa alikuwa karani wa bandari zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu, mkewe akafariki kabla ya mwaka kwisha. Tangu siku zile akawa mtu wa kukaa barazani tangu asubuhi hata magharibi. Chakula alikula kidogo, maneno alisema machache, hata watoto wake wakaanza kunong'ona kwamba baba anamfuata mama. Daktari alimpima, asione ugonjwa wo wote. Mimi nikamshauri twende pamoja maktaba ya mkoa, si kwa kuwa nalijua dawa, bali kwa kuwa alihitaji mahali pa kwenda.

Mkutubi tuliyemkuta alikuwa mwanamke kijana. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Akamwuliza ataka kitabu gani. Kaka akajibu, "Cho chote." Basi akampa Maisha Yangu cha Shaaban Robert, kwa kuwa ni kitabu ambacho wazee wengi hukipenda, na mwandishi wake alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909.

Siku ya tatu kaka akakirudisha. Mkutubi hakukasirika wala hakumcheka. Alimwuliza kwa upole ni jambo gani lililomchosha. Kaka akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwandishi anamlilia mkewe Amina. Na mimi wangu nimemzika mwaka huu huu."

"Pole sana, baba," akasema yule binti. "Kitabu ni kizuri, ila siku yake haijafika." Halafu akamwuliza swali ambalo sisi ndugu zake hatukuwahi kulifikiri: "Kabla hujawa karani, mikono yako ilizoea kazi gani?"

Kaka akamweleza kwamba alipokuwa mtoto, baba yetu alimpandisha mitini kutundika mizinga ya magogo, na tangu alipoajiriwa hajasikia tena harufu ya nta mbichi. Nalishangaa, maana maneno yale yalikuwa mengi kuliko yote aliyoyasema mwezi mzima. Mkutubi akatupeleka kwenye rafu yenye namba 638.

Namba hizi, wasomaji, si fumbo. Mpango wake ulitolewa mwaka 1876 na Mmarekani aitwaye Melvil Dewey, na maktaba nyingi za umma huufuata hata leo. Vitabu vya bustani vina namba 635, vya ufugaji wa nyuki 638, vya mapishi 641, vya ushonaji wa nguo 646, vya kupiga picha 770, vya muziki 780. Mtu akijua namba ya kitu akipendacho, aweza kwenda mwenyewe penye rafu yake katika maktaba yo yote yenye kufuata mpango huu, kama mtu ajuaye njia ya shamba lake.

Kitabu alichopewa kaka kilieleza habari za mzinga wenye vijiti vilivyopangwa juu yake. Kila kijiti kina upana wa milimita 32, kipimo kiwafaacho nyuki wetu wa Afrika, nao hujenga sega moja chini ya kila kijiti. Kwa hiyo mfugaji huinua sega moja bila kuvunja mengine, tena haimlazimu kuchoma moto na kuua nyuki. Herufi za kitabu zilikuwa ndogo, na macho ya kaka yamechoka. Basi mjukuu wake wa kike akawa anamsomea barazani kila jioni. Yeye husoma, babu hueleza. Neno lisiloeleweka huandikwa katika karatasi ili waulize maktaba.

Wakaazima msumeno, wakaunda mzinga. Majira ya kwanza haukuingia nyuki hata mmoja. Kaka akarudi kwa mkutubi kana kwamba ana kesi, wakafungua kitabu pamoja, wakaona kwamba mzinga hupakwa nta ndani ili harufu yake iwavute nyuki, tena huwekwa karibu na maji na mbali na njia ya watu na mifugo. Wakauhamisha. Baada ya mvua kundi likaingia. Siku ile kaka alikuja kwangu kwa miguu, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba, akanipa habari kabla hajaketi.

Mjukuu naye hakutoka mikono mitupu. Mkutubi alipoona jinsi apendavyo kuuliza maswali, alimpa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, ambamo Bwana Msa huchunguza mauaji kwa akili na subira. Mke wangu, apendaye habari za kale, alipewa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza, kinachoeleza maisha ya watu wa Ukerewe: ndoa, kilimo, dawa na ukarimu wao. Mwandishi alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, nacho kikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Miaka 35 kitabu kilingoja wasomaji wake! Nikakumbuka maneno ya yule mkutubi wa Madras.

Mwaka ulipopita, kaka alikwenda maktaba peke yake, akakiomba tena kile kitabu cha kwanza. Mara hii alikisoma hata mwisho. Hakutueleza alichokipata ndani yake, nasi hatukumwuliza. Ila tangu juma lile alianza kumtaja mkewe kwa jina mbele ya watoto, na kuwasimulia jinsi alivyokuwa akicheka. Huzuni haijaisha, wala sisemi kwamba kitabu huondoa kifo. Nasema tu kwamba mtu aliyekuwa akizama kimya kimya amepata kamba ya kushika, na aliyemtupia kamba hiyo ni mtumishi wa maktaba aliyejua kuuliza.

Basi, ndugu zangu, mkienda kwa mkutubi msimwambie "cho chote." Mwambieni kitabu cha mwisho kilichowapendeza, au kilichowachosha na sababu yake. Mwambieni mikono yenu yapenda kazi gani: udongo, uzi, mbao, chungu au ngoma. Mwambieni mna muda gani wa faragha, na macho yenu yana nguvu kiasi gani. Na kitabu kisipowafaa, kirudisheni bila haya, maana kurudisha nako ni jibu, na mkutubi mwema atajua pa kuanzia tena.

Nanyi walimu wenzangu mlio mbali na mji, mwenye ufunguo wa kabati la vitabu shuleni ndiye mkutubi wa kijiji kizima. Hata kabati likiwa na vitabu ishirini tu, visomeni ninyi kwanza, mjue kila kimoja chafaa moyo wa namna gani. Kisha mtoto akija, msimwulize tu atafanya mtihani gani. Mwulizeni apenda nini. Na mzazi wake akija kumchukua, mwulizeni yeye pia. Huenda naye ana swali ambalo hakuna aliyemwuliza tangu utoto wake.

Ni mimi ndugu yenu, mwalimu.