Vidole vya Kubangulia

Jioni mama aliporudi nyumbani, pale Mkuti, Masasi, harufu ilimtangulia mlangoni: moshi wa maganda ya korosho, ule unaokwaruza koo. Hatukumkimbilia. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akachota jivu, akajisugua viganja mpaka aridhike, ndipo akakaa nasi tukamwamkia. "Marahaba wanangu," alijibu, mikono kaificha chini ya kanga.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Viwanda vikubwa vya korosho, vile vilivyojengwa kusini mwa Tanzania kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vingi vilikuwa vimenyamaza, na korosho yetu ikipakiwa na ganda lake kwenda India. Ubanguaji uliobaki Masasi ulikuwa wa mabanda madogo madogo. Mama alipata nafasi kwenye banda moja, kibarua asiye na barua.

Siku za likizo nilimpelekea chakula, nikachelewa makusudi ili nitazame. Ndani ya ganda la korosho mna mafuta mazito yanayobabua. Yakikugusa ngozi inawasha, inakuwa nyeusi, kisha inabambuka kama gome. Korosho ilikuwa ikivukizwa kwanza ili ganda lilegee, lakini mafuta hayakuisha. Wanawake walikaa wawili wawili. Mmoja anaipachika korosho kati ya visu viwili vilivyopinda kufuata umbo lake, anakanyaga pedali, anavuta mkono wa mashine, ganda linapasuka. Mwenzake anachokoa kiini kwa kijisu, taratibu, kisivunjike. Asubuhi kabla ya kuanza walipaka vidole mafuta ya mbarika au jivu. Walichokuwa nacho cha kuaminika kilikuwa hicho.

Glovu zilikuwepo, nisiwasingizie wenye banda. Ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu: VAA GLOVU. Lakini malipo yalikuwa kwa kilo, na kilo ya korosho nzima haikuwa bei moja na ya vipande. "Ndani ya glovu kidole hakioni," mama aliniambia. Ukivaa, unavunja, ukivunja, unarudi nyumbani na nusu ya unga. Saa tatu asubuhi glovu zote zilikuwa zimening'inia kwenye msumari, safi kabisa. Aliyeandika lile tangazo, bila shaka, alikuwa akilipwa kwa mwezi.

Siku moja nilikuta meza ya mama Fulani, jirani yetu, imesimama. Kisu kilikuwa kimempata ncha ya kidole cha shahada. Alifungwa kitambaa cha kanga, akapewa nauli ya kwenda hospitali na pole. Mchana huohuo mwanamke mwingine alikaa kwenye kiti chake. Hakuna aliyesema neno fidia. Sidhani kama pale bandani lilikuwa likijulikana. Na hata angelidai? Sheria iliyokuwapo ilikuwa ile ya zama za Mwingereza, Sura ya 263, na kwa ulemavu wa kudumu malipo yake yalikuwa na kikomo: shilingi 108,000. Hiyo ni kwa aliyeajiriwa na akaweza kuonyesha kwamba ameajiriwa.

Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 2015. Niliisoma nikiwa mtu mzima, nikimtafuta mama ndani yake. Ni sheria nzuri kwa kweli. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi senti. Kuna matibabu, kuna malipo ya wakati wa kuuguza jeraha, kuna fungu la wategemezi, na magonjwa yatokanayo na kazi yametajwa, si ajali peke yake. Ila banda lilikwisha kufungwa. Mama alikuwa akikaangia korosho uani kwake, kwenye debe lililotobolewa, akizigonga kwa kijiti na kuuza stendi kwa vifuko. Mwajiri wake alikuwa yeye mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 2015, kabla ya uchaguzi, tulipanga foleni ya kujiandikisha kupiga kura, ile ya mashine za alama za vidole. Zamu ya mama ilipofika, kijana wa mashine akamwambia aweke kidole gumba. Mashine ikakataa. Akakifuta kwa kanga, akaweka tena. Cha shahada, kikakataa. Cha kati, vivyo hivyo. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Kijana akavishika vile vidole, akavigeuza kwenye mwanga: laini, vinang'aa, havina mistari.

"Mama, samahani, unafanya kazi gani?"

"Kubangua."

Kijana hakuuliza zaidi. Naye alikuwa wa hukuhuku. Akajaribu kimoja kimoja mpaka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile ambacho hakishiki korosho. Mashine ikalia.

Mama akakitazama kidole chake, akacheka.

"Kumbe bado nipo," akasema.