Matundu Sita ya Baraka

Jina la Baraka lina matundu sita. Hesabu mwenyewe, msomaji, kwa herufi kubwa: B ina mawili, R ina moja, na kila A ina lake. K pekee ndiyo haina. Mimi sikuwa nimeliwaza jambo hili hata siku moja, mpaka tulipoanza kukata majina ya watoto kwa plaiwudi.

Baraka ni mwana wa marehemu dada yangu. Alitujia hapa Nairobi kutoka Kitale mwezi wa Januari, akiwa na miaka 10, mkoba mmoja na maneno machache mno. Tulimpa kitanda katika chumba cha mwanangu, ambacho mlangoni kilikuwa na karatasi iliyoandikwa KEN. Mlango wa pili ulikuwa na ya LUCY. Karatasi hizo zilibandikwa zamani na hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mtoto hupita mlangoni mara nyingi kwa siku, na anajua kusoma.

Mke wangu ndiye aliyesema karatasi zitolewe, yatengenezwe majina ya mbao, ya watoto wote watatu.

Wazazi waliosoma shule ya msingi katika miaka ya mwanzo ya 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka wa 1985, watakumbuka somo la sanaa na ufundi. Ujuzi wangu ulitoka huko. Siku hizi kuna mashine ya umeme ya kazi hii, lakini anayeanza hutosheka na msumeno mdogo wa mkono: chuma kilichopindwa kama herufi U, na katikati yake ubapa wenye meno, mwembamba karibu kama uzi. Meno huelekezwa kwenye mpini, ili msumeno ukate unapovutwa chini. Plaiwudi ya milimita 6 tuliipata kwa seremala wa mtaani, katika mabaki yake, kwa bei ya soda.

KEN na LUCY yalikwisha alasiri moja. Herufi zao zote ziko wazi. Msumeno huingia ukingoni, ukafuata mstari wa penseli, ukatokea. Ilipofika zamu ya Baraka, alilitazama jina lake kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mjomba, hapa katikati msumeno utaingilia wapi?"

Hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu aje kwetu ambalo halikuhusu ruhusa ya kufanya jambo.

Nikamwonyesha. Kwanza unatia alama kwa ncha ya msumari, ili keekee isiteleze. Tundu hutobolewa ndani ya sehemu itakayotupwa, karibu na mstari lakini si juu yake. Chini unaweka kipande cha ubao kibovu, la sivyo plaiwudi itachanika upande wa pili keekee ikitokeza. Milimita 2 zatosha. Kisha unafungua ubapa upande mmoja, unaupenyeza tunduni, unaufunga tena na kuukaza mpaka ulie kama uzi wa gitaa ukiuguza. Unakata, unafungua, unautoa. Halafu tundu linalofuata, vivyo hivyo, mara sita.

Na kazi ya ndani hutangulia ya nje. Herufi ikishakatwa pembeni huwa nyembamba, huna pa kuishikilia, na huvunjika kwa urahisi. Wengi huanza na umbo la nje kwa sababu ndilo linaloonekana.

Jina lile lilitula Jumamosi tatu. Bapa mbili zilikatika, zote kwenye kona, maana kijana alikuwa akisukuma. Konani msumeno huachwa ukipanda na kushuka papo hapo huku ubao ukigeuzwa polepole. Lucy alichoka kungoja, akasema, "Jina lako lina taabu, wewe!"

"Lina madirisha," Baraka akamjibu.

Ukijaliwa kufika Mji wa Kale wa Mombasa, inua macho uzitazame roshani za mbao. Nakshi iliyo katikati ya ubao, isiyogusa ukingo popote, haikatwi kwa msumeno bila kwanza kutoboa tundu. Mimi siku hizi nikiona mapambo ya aina hiyo natafuta pale fundi alipoingilia. Aghalabu sipaoni, maana msasa umeshapita.

Sisi nasi tulipiga msasa, namba 120 kisha 240, vitambaa vikiwa puani kwa sababu ya vumbi. Majina yakapanda milangoni, KEN na BARAKA pamoja.

Jumamosi iliyopita Baraka aliniomba kipande kilichosalia. Alikuwa ameshachora juu yake herufi nne, ROSE, jina la mamake, na ametia nukta mbili za msumari, moja ndani ya R, nyingine ndani ya O. Alichokuwa akitaka kwangu ni keekee tu.