Mstari wa 103

Nambari 4F02h naijua kwa kichwa kuliko nambari yangu ya usajili wa chuo, ambayo siku hizi haifungui mlango wowote.

Niliacha kusomea kompyuta mwaka wa pili, karo ilipokwama. Sasa naandikia watu makala, nalipwa kwa neno. Usiku, kazi ikiisha na tokeni za stima zikiwa bado zipo, nafungua DOSBox kwenye laptopu yangu ya mtumba na kuandika programu za mashine zilizozeeka kabla sijazaliwa. Beshte yangu huuliza, "Na hiyo inalipa?" Hailipi. Lakini ngoja nikuonyeshe.

Mwaka 1987 IBM ilitoa VGA. Modi yake iliyopendwa sana na watengenezaji wa gemu ni 13h: pikseli 320 kwa 200, rangi 256. Piga hesabu. Hizo ni pikseli 64,000, kila moja baiti moja. Kwenye DOS, programu huona kumbukumbu kwa vipande visivyozidi baiti 65,536, kwa hivyo picha nzima inatosha kwenye kipande kimoja, kinachoanzia A000h. Andika nambari pale, rangi inatokea kwenye skrini. Raha tupu.

Shida ni kwamba pikseli zenyewe ni kubwa kama matofali. Ukitaka picha safi, 640 kwa 480 na rangi zile zile 256, unahitaji baiti 307,200, na dirisha la kuchungulia ni lile lile dogo. Ni kama kupaka rangi ukuta mrefu kwa ngazi moja: unapaka hadi mkono unapofika, unashuka, unasogeza ngazi. Hapa unaisogeza hadi upate vipande vitano. Tena mpaka wa kwanza unakatia katikati ya mstari wa 103: pikseli 256 upande huu, 384 upande ule. Usiposogeza dirisha hapo, mchoro unarudi kuanza juu ya skrini.

Na kulisogeza kulitegemea kadi. Tseng Labs walikuwa na njia yao, Trident yao, Cirrus Logic yao. Bila kujua siri za kila kadi, hukuwa na chako. Ndipo VESA, chama cha watengenezaji kilichoundwa 1989, kikaleta maswali ya pamoja. 4F00h: unaelewa VESA, na una modi gani? 4F01h: hiyo modi ikoje? Kisha unaweka 4F02h kwenye rejista ya AX, 101h kwenye BX, unaita intarapti 10h. AX ikirudi na 004Fh, umekubaliwa. Kusogeza dirisha ni 4F05h. Mwaka 1994, toleo la 2.0 likaruhusu programu za biti 32 kuona ukuta wote kwa mpigo mmoja.

Hapo kwa 004Fh ndipo moyo wangu ulipo. Nimetuma maombi ya kazi ambayo swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa shahada, na fomu ikakataa kwenda mbele nilipoacha pengo. Nyingine ziliahidi kunijulisha. Bado nangoja. Kadi ya mwaka 1992 haijali nani anauliza. Uliza kwa utaratibu uliokubaliwa, itakujibu papo hapo. Ikikataa, unajua imekataa, unajaribu modi ndogo.

Sitakudanganya kwamba hilo linanilipia nyumba. Ila mtu akikaa muda mrefu bila jibu huanza kudhani hajui kuuliza. Mimi nilikuwa nimeanza kudhani hivyo.

Juzi nilipokuwa nyumbani nilichora bahari: samawati nzito chini, ikififia hadi nyeupe juu, mistari 480, bila mkwaruzo pale kwa 103. Mamangu alikuja na chai akasimama nyuma yangu. Huwaambia majirani kwamba nimepumzika masomo kidogo. Akaitazama skrini, chai ikipoa mkononi.

"Hii ndiyo mlikuwa mkifundishwa?"

"Hatukuwa tumefika hapo, Mama."

Akavuta kiti, akakaa. "Basi nionyeshe," akasema.

Nikaanza na lile dirisha.